Nimepona kansa ya titi, sasa watafiti wananiita. Muuza dagaa nitawaambia nini?

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa miaka 48, nauza dagaa wakavu Mwaloni, Kirumba. Nina watoto wanne, wa kwanza ni binti wa miaka 23. Shule niliishia darasa la saba.

Mwaka 2021 nikiwa naoga nilishika kitu kama punje ya harage kwenye titi la kushoto. Hakikuuma. Nilienda kituo kimoja cha afya, nikaambiwa ni jipu linaanza, nikapewa vidonge. Nikarudi, nikapewa vingine. Nikarudi tena, zikawa sindano. Miezi saba, dada. Kilipofika ukubwa wa limao na ngozi ikaanza kuwa kama ganda la chungwa, wifi yangu ndiye aliyenishika mkono tukapanda hospitali ya Bugando. Wakakata kinyama, baada ya wiki tano majibu yakatoka: kansa, hatua ya tatu. Nikapigwa dripu nne za dawa ya kansa, nikakatwa titi, nikapigwa nyingine nne, nikamalizia na mionzi. Tangu mwisho wa 2022 nakunywa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia ugonjwa usirudi, kila siku, mwakani natimiza miaka 5. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wauguzi walionishika mkono usiku ule nilipotaka kuacha.

Mwezi uliopita nikiwa kliniki alinifuata binti mmoja wa watafiti. Wanaandaa utafiti kuhusu kwa nini wanawake wa visiwani na wa kwenye mialo ya wavuvi wanafika hospitali wamechelewa, na kwa nini wengine wanaacha dripu katikati. Wanataka watu sita tuliopitia ugonjwa huu tukae nao tangu mwanzo, tuyasome maswali kabla hayajapelekwa kwa watu, tuwaambie panapokosewa. Kikao cha kwanza ni tarehe 18 mwezi ujao. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sijui hata niieleze vipi. Mara ya kwanza mtu ananiuliza ninachojua, haniulizi ninachoumwa.

Nyumbani furaha ikakutana na mambo. Mume wangu si mtu mbaya, ndiye aliyeuza mtumbwi wake ili nitibiwe. Lakini amekasirika. Anasema, "Titi walishachukua, sasa wanatafuta damu." Yeye amekua akisikia habari za mumiani kwa wazee wake, na haamini mtu yeyote anayetembea na makaratasi. Halafu kuna huyu binti yetu. Kuna watu kutoka Magu wameleta barua ya posa, na dada yake mume wangu ananiambia nikianza kusimama mbele za watu kusema nina kansa, wale wakwe watasema ukoo una ugonjwa, na binti atarudishiwa barua yake.

Mimi mwenyewe nina langu. Kitanda cha jirani wodini alikuwa mwenzangu wa kutoka kisiwa cha Ukara. Tulianza dripu wiki moja. Alipiga tatu, ya nne hakuja, simu yake ikawa haipatikani. Baada ya miezi sita nikasikia amefariki. Alikuwa ananichekesha wakati nywele zinadondoka. Kila nikifikiria kukaa kwenye kiti na kuitwa "mshindi wa saratani" naona kama namwibia kitu.

Na pia, dada, wale ni madaktari. Watasema Kiingereza chao. Mimi muuza dagaa nitawaambia nini?

Mama wa Mwaloni, Mwanza

*

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa njia yote hiyo, na hongera ya kufika mwaka wa nne na kidonge chako, maana nimewaona wengi wakikiacha kwa sababu ya yale majoto ya usiku.

Nimekuwa muuguzi miaka 31, mingi nikiwa huku kanda ya ziwa. Jibu langu ni nenda. Nenda na masharti yako, nitakutajia. Ila nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu limenichoma.

Dripu zako zilikuwa kila baada ya siku 21. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa gizani: mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa, kambi inalala. Giza likirudi ndipo inapopatikana hela ya mwezi mzima, na mwanamke anayeanika dagaa kisiwani hawezi kuondoka hata siku moja, mvua ikinyesha hayupo mzigo wote umeoza. Sasa mwanamke huyo mpe dripu nane, kila siku 21. Lazima baadhi ziangukie giza katikati. Akikosa moja, faili linaandikwa "hakuhudhuria". Akikosa ya pili, "ameacha matibabu". Maneno hayo nimeyaandika kwa mkono wangu mara nyingi, na sikuwahi kuangalia mwezi.

Mtafiti naye, aliyesoma vizuri na mwenye nia njema kabisa, akikaa kutunga dodoso lake ataweka sababu za mgonjwa kuchagua: umbali, nauli, imani za kienyeji, uelewa mdogo. Giza halimo. Halitakuwamo kamwe kama pale mezani hakuna mtu aliyewahi kuanika dagaa. Watatumia miaka miwili na fedha nyingi, watarudi na jibu kwamba wanawake wa visiwani wanahitaji elimu, kisha mabango yatachapishwa. Wewe kwa sentensi moja ungewapa swali jingine: je, tarehe ya dripu inaweza kupangwa mgonjwa akiulizwa kwanza kalenda yake ya kazi, na pale daktari anaposema haiwezi kusogezwa, nani atamwanikia dagaa wake siku hizo mbili? Hilo ndilo utakalowaambia, muuza dagaa.

Kukaa mezani namna hiyo kulipiganiwa. Mwaka 1974 mwandishi wa habari mmoja wa Marekani, Rose Kushner, alishika uvimbe kwenye titi lake. Utaratibu wa siku hizo ulikuwa mgonjwa analazwa usingizi, kinyama kinakatwa na kupimwa palepale, na ikionekana ni kansa titi linaondolewa kabla hajaamka, pamoja na misuli ya kifua. Mwanamke alilala bila kujua ataamka ana titi au hana. Kushner alikataa. Alitaka kinyama kwanza, aamke, asikie majibu, aamue. Ilibidi ahangaike kumpata daktari wa upasuaji aliyekubali. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa kusoma na kuuliza, na aliuliza mpaka mwaka 1979 akawekwa kwenye jopo la taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, akiwa peke yake asiye mtaalamu wa tiba kati yao. Jopo hilo likasema kupima na kukata vitenganishwe, na ule upasuaji mkubwa wa misuli usiwe tena kawaida. Wiki tano zako za kusubiri majibu zilikuwa ndefu mno, na hilo tutalirudia, lakini ile nafasi ya kurudi nyumbani na kuzungumza na mumeo kabla ya kisu, wapo wanawake walioidai.

Kuhusu Kiingereza: sharti lako la kwanza ni kikao kiendeshwe kwa Kiswahili na karatasi zote zije kwa Kiswahili, siku kadhaa kabla, ili binti yako akusomee kama macho yamechoka. Wakisema haiwezekani, basi hawakuwa wamekuita kwa dhati. Maneno ya kazi yenyewe si mengi. Utasikia kundi la kulinganisha, yaani wale wasiopewa kinachojaribiwa ili tofauti ionekane. Utasikia watu wamegawanywa kwa kura, yaani si daktari wala mgonjwa anayechagua nani apate kipi. Usiogope neno hilo. Mwakani huenda daktari akakuuliza kama unaacha tamoksifeni au unaendelea hadi miaka 10, na sehemu kubwa ya anachojua kuhusu hilo imetoka kwa wanawake karibu 13,000 wa nchi mbalimbali waliokubali kugawanywa hivyo, wengine waache kwenye mwaka wa 5, wengine waendelee hadi wa 10. Matokeo yalitangazwa 2012. Kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa na vipokezi vya homoni, yaani unaochochewa na homoni za mwili, walioendelea walirudiwa na ugonjwa wachache zaidi na walikufa wachache zaidi, ingawa hatari ya kansa ya mji wa mimba ilipanda kidogo. Kidonge unachokunywa kila usiku kimebeba wanawake hao.

Hata hapa kwetu. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV, ile ya kukinga kansa ya mlango wa kizazi, kuona kama dozi moja inatosha. Matokeo yao ni sehemu ya ushahidi ulioifanya dunia ikubali dozi moja, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Mtoto wa Ukerewe anayechomwa mara moja, bila mama yake kulipa nauli ya meli mara ya pili, anadaiwa shukrani na wasichana wa mtaani kwako.

Sasa mumeo. Usimcheke, na usikubali mtu yeyote amwite mshamba. Hofu ya mumiani ina mizizi: watu wamechukuliwa damu miaka mingi bila kuambiwa inakwenda wapi wala kurudishiwa majibu. Mwelezee kwanza kwamba kuna mshiriki wa utafiti na kuna mshauri wa utafiti. Mshiriki anaweza kuombwa damu au kinyama. Mshauri anaombwa mawazo. Wewe umeitwa kuwa mshauri, sindano haihusiki. Halafu nenda naye kikao cha kwanza. Mwache aulize yeye mwenyewe: kibali cha maadili kiko wapi? Utafiti wa afya nchini hautakiwi kuanza bila hicho. Kamati ya taifa iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na hapa Mwanza ipo kamati ya pamoja ya chuo cha CUHAS na Bugando. Kibali kina namba, na kwenye fomu ya ridhaa panatakiwa kuwepo simu ya kamati ambayo mtu yeyote anaweza kupiga kulalamika. Aulize pia: kama mtachukua damu za washiriki, zitakaa wapi, kwa miaka mingapi, zitatoka nje ya nchi? Zikitoka lazima kuwe na mkataba na kibali chake. Mwanaume aliyeuza mtumbwi kwa ajili yako ana haki ya kuuliza hayo, na binafsi nadhani atakuwa mshauri mzuri kuliko wengi, maana maswali anayo tayari. Wale wavuvi watakaotakiwa kuwaruhusu wake zao waje kupimwa wana hofu hiyohiyo aliyonayo yeye.

Kwa binti nitasema taratibu. Kati ya wanawake 100 wenye saratani ya matiti, 5 hadi 10 hivi ndio ambao ugonjwa wao umetokana na jeni iliyorithiwa. Waliobaki hawakurithi jeni ya namna hiyo, kwa hiyo maneno ya wifi yako kwamba "ukoo una ugonjwa" hayana msingi wa kumfungia mtu mlango. Hata hivyo wewe uliugua ukiwa na miaka 43, bado mapema, na binti yako anatakiwa kuijua habari hiyo kwa ajili yake mwenyewe, posa iwepo isiwepo. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni binti aanze kuchunguzwa kama miaka 10 kabla ya umri ambao mama aligundulika, kwa hiyo kwake ni kwenye 33. Aseme hivyo kwa daktari. Akiona mabadiliko yoyote leo, aende leo, na akipewa dawa za jipu mara ya pili asikubali.

Lakini jina na sura yako havilazimiki kutoka. Kukaa kwenye jopo la ushauri si kusimama jukwaani mwezi wa kumi ukiwa na fulana ya pinki. Unaweza kutoa mchango wote kwa jina la Mama wa Mwaloni. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Waandike kwenye karatasi: hakuna picha, hakuna sauti, hakuna jina bila wewe kusaini, na ukibadili mawazo unatoka bila matibabu yako kuguswa. Kabla ya hapo kaa na binti, umuulize yeye, si shangazi yake. Ana miaka 23. Akisema mama subiri hadi harusi ipite, subiri kutokea hadharani, ila vikao vya ndani usiviache.

Posho usione aibu kuiuliza. Nauli, na thamani ya siku ya biashara uliyofunga. Wao wanalipwa kwa siku hiyo.

Ile miezi saba, mdogo wangu. Sitakuambia usamehe. Tafuta daftari zako zote, kadi za kliniki, hata karatasi za dawa, ukae na mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri muandike tarehe: siku uliyoshika punje, siku ya vidonge vya kwanza, vya pili, sindano, siku ya kinyama, siku ya majibu, siku ya dripu ya kwanza. Jina la kituo liache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani ya matiti, na moja ya malengo ya mpango huo ni kwamba mwanamke akishafika kituo cha afya na dalili, ndani ya siku 60 awe amepata majibu kamili. Wewe miezi saba peke yake ni zaidi ya siku 200, bado zile wiki tano. Ukurasa huo mmoja unaonyesha kitu ambacho swali la "kwa nini wanawake wanachelewa" linakificha: hukuchelewa. Ulifika ukiwa na punje ya harage. Waombe wabadilishe swali lao, wahesabu siku kuanzia mlango wa kwanza mgonjwa alioubisha, na waulize ni milango mingapi. Waulize pia majibu ya vipokezi vya homoni, yale yanayoamua kama mtu atafaidika na tamoksifeni, yanachukua wiki ngapi na nani anayalipia. Mgonjwa wa kwenye mwalo hapati usingizi kwa ajili ya hela ya kipimo hicho.

Nimemwacha mwenzako wa Ukara mwisho kwa sababu ndiye ninayemfikiria tangu nisome barua yako.

Mnaitwa sita mliopitia ugonjwa. Wote sita mko hai, wote mlimaliza dripu, wote mnapatikana kliniki. Nyie ndio mlioweza kufika. Aliyeishia dripu ya tatu hayupo kliniki wa kumfuata na karatasi. Watafiti wakiwasikiliza nyie peke yenu watajifunza vizuri sana namna watu wanavyomaliza matibabu, wakati walichokuja kukitafuta ni kwa nini watu wanaacha. Wewe ndiye kwenye chumba hicho unayeweza kusema, "Kuna mtu anakosekana hapa," na ukataka waende Ukara, wakae na mume wake, mama yake, jirani aliyempakia kwenye meli, waulize kwa heshima nini kilitokea kati ya dripu ya tatu na ya nne. Labda ilikuwa nauli. Labda alizidiwa na homa na kituo cha karibu hakikujua mtu wa dripu akipata homa ni dharura. Labda lilikuwa giza. Ninyi wawili mlianza wiki moja, ugonjwa mmoja, dripu zilezile, na ninaamini jibu la utafiti wote huo liko kwenye tofauti ya njia zenu mbili. Neno "mshindi" likikukera, likatae. Waambie umekuja na mwenzako.

Siku nyingine habari za wagonjwa zitakuelemea, hasa akirudiwa mmoja wenu. Toka nje upunge upepo, au usiende siku hiyo. Kliniki yako mwenyewe ndiyo inayotangulia kikao chochote.

Halafu ile tarehe 18 uiangalie leo kwenye kalenda. Kama mwezi utakuwa giza, wapigie simu wasogeze kikao, na uwaeleze kwa nini.